Fundi Djanfar na Darasa Lililovuma

Jamani wazazi, na ninyi mnaoshika chaki kila asubuhi, sogeeni niwasimulie yaliyomkuta Djanfar wa mtaa wa Magoudjou, mjini Moroni. Huko Komoro mwalimu huitwa fundi, na Djanfar alikuwa fundi mpenda kazi, mpenda watu.

Ilikuwa mwaka 1979. Asubuhi mkewe, Sittina, alimwandalia ndizi za kuchemsha na chai ya mchaichai, naye akawa anakula huku akimsimulia vituko vya wanafunzi mpaka Sittina apaliwe kwa kicheko. Akitoka kwenda shule, watoto walimkimbilia wamshike mikono, na aliyekosa mkono alishika shati.

Amani hiyo haikudumu. Mwaka uliotangulia, askari wa kukodiwa kutoka Ulaya walikuwa wametua Ngazidja, kisiwa chenye mji wa Moroni, na kuiangusha serikali. Sasa walipita barabarani na magari yao, bunduki mapajani, na kila walipopita watu walinyamaza. Mkuu wa shule akaipenda hali ile.

"Umewaona wale?" alimwambia Djanfar. "Hawasemi mara mbili. Lakini darasa lako linasikika mpaka sokoni! Nataka kimya."

Djanfar aliona haya. Jioni ile akanunua filimbi. Kesho yake akawapanga watoto wa darasa la nne mstari kama kwata, akawapigia filimbi waingie, akawapigia filimbi wakae. Aliyeongea alipigishwa magoti uani, juu ya kokoto nyeusi za volkano. Kimya kikapatikana, na mkuu akamsifu mbele ya walimu wote. Djanfar akarudi nyumbani kifua mbele.

Lakini nyumbani hakuwa na kisa cha kusimulia. "Leo wamefanya nini?" Sittina aliuliza. "Hawakufanya kitu," akajibu, na chai ikanywewa kimya.

Na kimya chenyewe kilikuwa cha uongo, ndugu msomaji. Siku moja Djanfar alipogeukia ubao, nyuma yake kulisikika mvumo: mmmmm. Akageuka. Midomo yote imefumbwa, macho yote makavu kama ya samaki sokoni. Akarudi ubaoni: mmmmm! Utamkamata nani anayevuma na mdomo umefungwa? Akawapigisha magoti wote, na kesho yake mvumo ukazidi.

Hasira zake zikamwangukia Zalifa. Msichana huyu na mdogo wake Attoumane, waliosoma darasa moja, walikuwa miongoni mwa waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, miaka miwili nyuma, baada ya Wakomoro kuuawa huko. Watu waliwabandika jina Sabena, jina la ndege zilizowaleta. Zalifa alikuwa ameshajifunza Kingazidja, lakini Attoumane alijua Kimalagasi tu. Kwa hiyo dada alimnong'oneza mdogo wake kila neno la somo.

"Wewe Sabena!" Djanfar alifoka. "Mdomo wako haupumziki? Toka nje, na huyo bubu wako mtoke naye!"

Darasa likacheka. Zalifa akamshika mdogo wake mkono, wakatoka. Hawakuishia uani kwenye kokoto. Walikwenda moja kwa moja nyumbani, na hawakurudi tena.

Djanfar alijiambia kwamba watarudi tu. Likizo ikaingia, akapanda meli na Sittina kwenda Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, kwenye harusi ya ndugu zake Sittina. Lugha ya Ngazidja na ya Nzwani ni ndugu, ila si pacha. Usiku wa karamu Djanfar alitaka kumshukuru mwenyeji, akakosea neno, na baraza zima likaangua kicheko. Akajaribu kusahihisha, akaharibu zaidi. Basi akanyamaza na sahani yake, yeye aliyezoea kuchangamsha watu, na hakufungua tena mdomo mpaka karamu ikaisha. Hapo ndipo uso wa Attoumane ulipomjia.

Dada yake Sittina, Bahiat, alikuwa mwalimu mjini humo, na shule zao zilikuwa bado hazijafunga. Djanfar akaomba aketi nyuma ya darasa lake. Alimkuta amesimama mlangoni akimwamkia kila mtoto kwa jina lake. Somo likaanza vizuri, mara kukazuka mayowe: kaa mkubwa alikuwa anatembea kati ya madawati, makucha juu!

Djanfar alisubiri kusikia fimbo. Bahiat alimtazama kaa, akasema, "Mgeni huyu hajaandikishwa. Nani kamleta?"

Watoto walicheka mpaka wakachoka, naye akawaacha wacheke. Kisha akanyamaza, akawatazama kwa utulivu mpaka sauti ya mwisho ikazimika. Msichana aitwaye Rahmati akanyoosha kidole, machozi yakimlenga.

"Mtoe nje, mwanangu, tuendelee. Saa ya mapumziko tutazungumza, mimi na wewe tu."

Wakati wa mapumziko Bahiat alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Ikajulikana kwamba Rahmati alikaa nyuma kabisa, haoni ubao, na alitaka angalau siku moja wenzake wageuke wamtazame. Bahiat akamhamishia mbele na kumpa kazi ya kugawa chaki. Ila kabla ya kengele, Rahmati alifagia mchanga wote aliouingiza kaa wake.

"Hukumchapa, shemeji?" Djanfar aliuliza.

"Ningemchapa, ningejuaje kwamba haoni ubao?"

"Na wote wakipiga kelele?"

"Naacha kusema, nasubiri. Mwanzoni unajiona mjinga, shemeji, nisikufiche. Nimewahi kusubiri mpaka miguu ikaniuma. Lakini wao wanajua kwamba mimi siwafokei, kwa hiyo nao wanaona aibu kunifokea."

Aliporudi Moroni, kabla hata ya kufungua mizigo, Djanfar alikwenda kwenye chumba alichopanga Hadidja, mama yake Zalifa, akamkuta anachoma vitumbua mlangoni.

"Karibu, fundi," Hadidja alisema bila kuinua macho. "Kule Majunga tulifukuzwa kwa mapanga. Nilipofika hapa nikawaambia wanangu, sasa tuko kwetu. Nawe ukawafukuza kwa maneno."

Pazia likatikisika, na nyuma yake Djanfar akaona vidole vya miguu.

"Zalifa," aliita. "Nilikuita jina ambalo si lako, na ulikuwa unafanya kazi yangu, ya kumfundisha mdogo wako. Nisamehe. Mbele ya darasa pia nitasema."

Uso ukachungulia. "Na Attoumane utamwita nani?"

"Attoumane."

"Na filimbi?"

"Imebaki Mutsamudu. Watoto wa shemeji wanaipuliza wakicheza mpira."

Zalifa akajaribu kuzuia kicheko, kikamponyoka, na Hadidja naye akamkabidhi fundi kitumbua cha moto.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Djanfar alipoomba radhi darasani, watoto walitazamana wasiamini, na wiki nzima walimjaribu. Walivuma. Yeye alisimama na chaki yake, akasubiri, jasho likimtoka. Mwishowe mtoto mmoja wa nyuma akasema, "Nyamazeni jamani, tunamwonea fundi." Siku ile wakakaa pamoja wakapanga sheria za darasa lao, na ya kwanza waliipendekeza watoto wenyewe: asichekwe mtu anayejifunza kusema.

Mkuu alinung'unika, lakini aliona watoto walioacha shule wanarudi, akanyamaza. Nyumbani kwa Djanfar visa vilirejea na chai, na Sittina akaanza tena kupaliwa.

Kisha ikaja asubuhi moja ya hesabu. Djanfar aliuliza nani ataeleza kugawanya, na mkono wa Attoumane ukapanda. Zalifa alitaka kumfuata, kijana akatikisa kichwa. Akaenda ubaoni peke yake, akaeleza hatua zote kwa Kingazidja cha kusuasua. Alipokwama kwenye neno moja, hakuna aliyecheka. Darasa zima lilisubiri. Akalipata, akamaliza, na watoto wakalipuka kwa makofi na vigelegele, wakipiga madawati.

Mkuu alikuja mbio, miwani mkononi. "Djanfar! Kelele gani hizi?"

"Ni Attoumane, mkuu," alisema Djanfar, naye akipiga makofi, macho yamelowa. "Ametufundisha hesabu."

Mkuu alimtazama yule kijana ubaoni, vumbi la chaki mpaka puani. Akavaa miwani yake, akaingia, akatafuta nafasi kwenye dawati la nyuma. "Basi aeleze tena," alisema. "Mimi nimechelewa."

FUNZO

Walimu wenzetu, mtoto anayekuogopa hunyamaza, lakini kunyamaza si kusoma. Ukimwita jina baya mbele ya wenzake, umelifundisha darasa zima kumdharau. Mwite kwa jina lake, mwonye faraghani, muulize kabla ya kumhukumu, na ukikosa umwombe radhi. Adabu ibaki, na kosa lirekebishwe na aliyelifanya, kama Rahmati alivyofagia mchanga wake. Nanyi wazazi, msimsifu mwalimu kwa ukimya wa darasa lake. Muulizeni mtoto kama kesho anatamani kurudi shule.