Joan Alishiba, Lakini Aliugua

Kule Kuresoi, viazi havikosekani. Jepkemei na mumewe Kimaiyo walikuwa na shamba dogo, ng'ombe mmoja na kuku sita. Asubuhi walikula viazi kwa chai ya rangi. Mchana viazi tena. Jioni ugali na kabeji. Maziwa yote yalibebwa na gari la maziwa, na mayai yalienda sokoni Molo. Hakuna aliyelala njaa nyumbani humo.

Hata hivyo, binti yao Joan, wa miaka miwili, hakutulia. Akipona kikohozi, anaanza kuhara. Mwezi wa nne alilazwa kwa nimonia, mara ya pili mwaka huo. Aliporudi, Jepkemei alimbeba mgongoni na karibu asisikie uzito. Tangu siku hiyo, mtoto akipiga chafya tu, moyo wa mama ulishtuka.

Jerop, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumwona. Alimzungushia Joan utepe mwembamba wa rangi, wa kupimia lishe, kwenye mkono, juu ya kiwiko. Utepe ulionyesha manjano. Akawaambia mtoto amepungukiwa na lishe.

Kimaiyo hakufurahi. "Huyu mtoto anashiba kila siku," alisema. "Viazi ni vingi hapa."

"Najua, Baba Joan. Tumbo linashiba. Lakini mwili hauwezi kutengeneza kinga kwa viazi na chai peke yake. Unataka pia maziwa, mayai, maharagwe na mboga za kijani. Bila vyakula hivyo, kila ugonjwa unaopita unakuta mlango wazi."

Kisha Jerop akamuuliza Jepkemei humpa nini mtoto anapougua. Jepkemei alijibu kwamba humpa chai ya rangi tu, tumbo lipumzike. Ndivyo mama yake alivyomlea.

Jerop hakumkemea. Alimweleza kwamba ugonjwa hula nguvu za mwili. Mtoto akinyimwa chakula hudhoofika, na ugonjwa unaofuata humpata kwa urahisi zaidi.

"Akiugua, mpe kidogo kidogo, mara nyingi," alisema. "Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku, kwa wiki mbili."

Aliwatuma zahanati pia. Huko Joan alipewa dawa ya minyoo na vitamini A, na kadi yake ya chanjo ikakaguliwa.

Kesho yake, kabla ya kupeleka maziwa barabarani, Kimaiyo alimimina kikombe kimoja akakiweka mezani. Jepkemei alibakiza mayai machache nyumbani, yasiende sokoni. Karibu na zizi kulikuwa na managu, mboga ya kienyeji ya majani, ambayo siku zote aliing'oa kama magugu. Sasa aliichuma, akaipika vizuri, akaiponda pamoja na viazi na maharagwe. Joan alitema siku ya kwanza. Siku ya tatu alilamba sahani.

Baada ya miezi miwili, utepe ulionyesha kijani. Kimaiyo alimwomba Jerop apime tena, ahakikishe. Kijani.

Julai ikaja na baridi yake. Watoto wengi jirani walikohoa, na Joan pia akapata mafua. Jepkemei alifunga nguo kwenye mkoba, tayari kwa hospitali. Alimlisha uji wa maziwa kidogo kidogo, huku akimchunguza anavyopumua. Siku ya tatu alitoka jikoni akamkuta Joan uani, pua ingali na kamasi, akifukuza kuku na kucheka.

Jepkemei alisimama akimtazama. Kisha akaingia ndani, akaufungua mkoba, na kurudisha nguo kabatini.