Rula na Mteremko wa Makaa

Jumamosi mchana duka la vipuri lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na kila mteja alidai amefika kabla ya mwenzake. Kwenye kaunta lilibaki boksi moja tu la vibano vya mipira ya maji. Mkono wa mwanamume ulilishika upande huu, wa mwanamke upande ule, na hakuna aliyeachia.

"Kaka, mimi ndiye niliyelishika kwanza."

"Dada, wewe umeshika mfuniko. Boksi ninalo mimi."

Mwanamke alicheka, lakini hakuachia. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi, na chini yake buti za mpira zenye vumbi jeusi. Mwanamume alikuwa na ovaroli ya bluu, mikono ya nguo hiyo ameifunga kiunoni, na fulana nyeupe ambayo mtu mwenye akili haendi nayo kwenye grisi. Aliziangalia zile buti.

"Hilo ni vumbi la makaa ya mawe. Uko kwenye kile kiwanja cha zamani cha mgodi?"

"Nina kitalu pale. Napanda miti na nyasi. Na wewe?"

"Naendesha greda. Naanza hapo Jumatatu. Watu wananiita Rula."

"Kwa urefu?"

"Kwa kunyoosha. Barabara niliyopita mimi, chai haimwagiki ndani ya gari."

"Na maneno nayo unayanyoosha hivyo hivyo?"

Waligawana vibano nusu kwa nusu. Rula aliomba namba ya simu kwa kisingizio cha kazi, na wote wawili walijua ni kisingizio.

Kiwanja kilikuwa ukingoni mwa mji. Kwa miaka mingi makaa yalioshwa pale, yakapandishwa kwa mkanda na kumwagwa kwenye mabehewa. Mgodi ulipofungwa mitambo iliondolewa, zege likavunjwa, kikabaki kipande cheusi ambacho hata magugu yalikikwepa. Kampuni ilitakiwa kuirudisha ardhi iwe hai. Kabla ya ujenzi wa mgodi udongo wa juu ulikuwa umekwanguliwa na kurundikwa pembeni, na Rula aliletwa kuusambaza upya. Mwanamke, ambaye wafanyakazi walimwita Bibi Kitalu, alikuwa apande juu yake kabla ya mvua. Miche aliikuza mwenyewe kiangazi chote. Ikikosa mvua za kwanza ingefia kwenye vifuko vyake, na mkataba angepewa mtu mwingine.

Mapenzi hayakuchelewa. Mchana walikaa kwenye kivuli cha greda, jioni walipigiana simu.

"Umekula?"

"Nakula sasa, ila sisikii utamu."

"Ongeza chumvi, mpenzi. Usinisingizie mimi."

Kitu kimoja kilimkera Rula. Kila alipomaliza kusambaza udongo, Bibi Kitalu na wanawake wake waliingia na majembe wakautifua. Alidhani wanarekebisha kazi yake. Hakuuliza. Mwanamume anayejisifu kwa kunyoosha haulizi kwa nini wanawake wanakuja nyuma yake na majembe.

Ulibaki mteremko mmoja, pale yalipokuwa mabehewa. Jumapili Bibi Kitalu alikwenda kumtembelea dada yake. Rula aliona hiyo ndiyo nafasi ya kumpa zawadi. Aliwasha greda, akasambaza udongo, akakwangua kila bonge, kisha akapitisha na gari la kushindilia, juu na chini, mpaka mteremko ukang'aa. Jioni alimpigia simu.

"Mama, kesho njoo mapema. Nimekuandalia kitu."

"Kitu gani?"

"Utaona mwenyewe. Majembe yaacheni nyumbani."

Asubuhi Bibi Kitalu alisimama chini ya mteremko, kanga mpya mabegani, na tabasamu likamwisha. Alichukua keni ya maji, akapanda, akaimwaga. Maji yaliteleza mpaka kwenye viatu vya Rula bila kulowesha chochote.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Nimejituma. Kwa ajili yako."

"Umeshindilia udongo wangu? Mizizi itapita wapi?"

"Ungeanza na asante."

"Asante ya nini? Mvua ikinyesha, udongo wote huu unashuka mtoni na sisi tunabaki na makaa."

Wanawake walikuwa wakisikiliza, na hilo lilimuuma Rula kuliko maneno.

"Mimi nimetengeneza barabara wanazopita mawaziri," alisema. "Sitafundishwa kazi na mtu wa kuchezea matope."

"Sawa. Nenda kwenye barabara zako."

Akaenda. Alihamishia greda upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya soko, na simu akaizima.

Wanawake walipiga mteremko kwa majembe, majembe yakadunda. Mawingu yalianza kukusanyika. Jioni dada yake Bibi Kitalu alimtazama akichezea chakula.

"Ulimwambia kwamba unataka udongo uliotifuliwa?"

"Dada, anafanya kazi pale kila siku. Haoni?"

"Anaona barabara. Wewe ulimwambia?"

Bibi Kitalu alisukuma sahani kando, maana hakuwa amemwambia.

Kesho yake mvua ndogo ilipita barabara ya soko. Rula alikuwa ndani ya kibanda cha greda, akitazama kazi yake kwa raha. Maji hayakusimama hata kidogo. Yaligawanyika katikati ya barabara, yakakimbilia mtaroni, na mtaro ukayapeleka huko yanakopelekwa. Ndivyo alivyotaka. Halafu raha ikamtoka. Akawasha simu.

"Unataka nini?" Bibi Kitalu aliuliza.

"Mvua imefika huko?"

"Bado. Inakuja."

"Nimeona maji yanavyokimbia barabarani. Nimekuharibia."

"Umeniharibia."

"Na yale maneno ya matope yalikuwa ya kijinga. Nisamehe. Nyuma ya greda nina meno ya chuma ya kupasua udongo. Niambie unavyotaka, nitafanya hivyo hivyo."

"Njoo. Upite kwa kukingama mteremko, usipandishe na kushuka. Na mimi nilipaswa kukwambia mapema."

Rula alikuja na greda. Akashusha meno, akaanza kupasua kile alichokilainisha. Bibi Kitalu alitembea kando, gauni amelikunja magotini, akionyesha kwa mkono.

"Vuruga zaidi."

"Nikizidisha hapa watasema dereva alikuwa amelewa."

"Waache waseme, kipenzi. Zaidi."

Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa uangalifu. Wanawake waliingia nyuma yake na miche. Mvua kubwa iliwakuta kwenye safu za mwisho. Rula alishuka, akachuchumaa kwenye mfereji mmoja uliochimbwa na yale meno. Maji yalikuwa yamesimama mle ndani, ya rangi ya udongo, yakizama polepole.

Bibi Kitalu alichuchumaa karibu naye. "Sikiliza. Siku nyingine ukitaka kunipa kitu, niulize kwanza."

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

"Unaniuliza hapa, nimejaa matope hivi?"

"Nikingoja ukauke nitaogopa."

Alimtazama, kisha akatazama wanawake, ambao wote walikuwa wameacha kupanda.

"Nimekubali," alisema. "Sasa chukua miche ile. Safu haijaisha."