Pedali ya Katikati

SAA NNE ASUBUHI

Chui aliweka picha mbili za magari juu ya tairi kuukuu. Chumba cha nyuma cha duka la matairi kilinuka mpira na jasho la watu watatu.

"Fundi, tupe habari."

Fundi alikuwa ameyahudumia magari hayo ya tajiri mmoja miaka kumi na moja. "Zote Bentley, za Waingereza. Hii ya 1928 ni chuma tupu. Haina paa la maana, na usukani wake ukikata kona mabega yanalia. Hii ya 1998 ni sebule inayotembea. Unakaa, unagusa, inakwenda."

"Mnunuzi anapenda ipi?"

"Atachukua zote. Lakini roho yake iko kwa Kikongwe, hii ya 1928."

"Basi Kikongwe naendesha mwenyewe. Mdogo wako huyu achukue sebule."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Ndilo aliloliombea. Mwezi uliopita mdogo wake, dereva wa malori na baba wa watoto wawili, alitaka kuachana na genge. Chui alicheka, akamwambia kwake watu hutoka wakiwa wamebebwa. Tangu hapo Fundi hakupata usingizi.

Kwa hiyo alieleza yote, ila jambo moja. Kwenye Kikongwe, pedali ya mafuta iko katikati na breki iko kulia. Mwenye mazoea ya magari ya leo akitaka kusimama, anaongeza mwendo. Na mteremko wa gereji ya tajiri uliishia kwenye ukuta wa mawe.

SAA SITA NA DAKIKA KUMI USIKU

Gerejini, mlinzi alikuwa kafungwa kamba. Fundi aliliwasha Kikongwe, akashuka. Chui akapanda, akajaribu usukani. Haukusogea. Akajaribu tena, akakunja uso na kushika bega lake bovu.

"Hukudanganya, Fundi. Dogo, njoo huku. Wewe umezoea malori."

Wakabadilishana magari. Fundi aliangalia mteremko. Akisema, Chui atauliza kwa nini hakusema asubuhi. Asiposema, atamzika mdogo wake. Kikongwe lilikuwa limeshaanza kuteremka.

"Katikati ni mafuta!" alipiga ukelele. "Breki ni ya kulia! Ya kulia!"

Matairi yalilia. Gari liliserereka, likasimama hatua mbili kutoka ukutani, pua yake ikielekea lango lililokuwa wazi. Mdogo wake akageuka, mzima.

Nyuma yao mlango mzito wa ile sebule ulifunguka taratibu. Chui alishuka na bastola.

"Nimekaa kwenye kiti kile sasa hivi, Fundi. Mbona mimi hukuniambia?"

Fundi hakumtazama. Aliogopa, tena sana, lakini macho yake yalibaki kwa mdogo wake.

"Kaka, panda," mdogo wake aliita.

"Watoto wanakusubiri," Fundi alisema, akasimama katikati ya njia, kati ya bastola na gari. "Ya katikati, mdogo wangu. Kanyaga."

Alisikia Kikongwe likinguruma kupita langoni. Risasi iliyompiga hakuisikia.