Bibi Ashika Maikrofoni

"Testi, testi! Moja, mbili! Testi!"

Hivyo ndivyo mtaa ulivyoamka kila siku. Fundi wa spika alikuwa uani, akijaribu vyombo vyake. Watu walimwita Mzee Testi, ingawa hakuwa mzee. Alikodisha spika kwa harusi, kwa misiba na kwa mikutano. Alikuwa mpole kupita kiasi, ila kwa jambo moja tu. Spika ikipiga mluzi, alikunja uso kama aliyekanyagwa kidole.

Mke wake alikuwa msusi. Wateja wake walikaa chumba cha mbele.

"Baba watoto, punguza!" alipaza sauti kupitia dirisha. "Mteja akishtuka tena, nitamsuka sikio!"

"Mwambie avumilie! Burudani hii ni ya bure!"

Zamani hapo angecheka mtu wa tatu. Kidosho, mdogo wake msusi, alifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi wa jirani. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Lakini sasa Kidosho hakuwepo. Alikuwa mahabusu, akingoja kesi.

Mama yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, hakutaka jambo hilo litajwe. Mtu akimuuliza habari za Kidosho, alijibu, "Amesafiri." Kisha alipandisha sauti ya redio, na maswali yakaishia hapo.

Siku moja mkunga wa kliniki alikuja kusukwa. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Siku hiyo hakupiga hata hodi.

"Mswada umefika bungeni!" alisema akiwa bado mlangoni. "Wabunge watapiga kura wiki ijayo. Jamani, wiki ijayo!"

Msusi akaangusha kitana. "Ule wa kina Kidosho?"

"Huo huo! Ukipita, kesi yake imekufa."

Bibi alikuwa pembeni akikunja nguo. Mikono yake ilisimama. Mzee Testi akaingia mbio, waya umemning'inia shingoni.

"Ngoja kwanza, jirani," alisema. "Mimi nimesikia mtu akisema kwamba sheria hiyo ikipita, wanawake watalazimishwa kutoa mimba."

"Amekudanganya huyo!" mkunga alicheka. "Hakuna atakayelazimishwa. Asiyetaka kutoa mimba, hatoi. Basi. Sheria ya sasa inasema mwanamke aliyetoa mimba ni mhalifu. Anayemsaidia naye ni mhalifu. Sheria mpya itasema hili ni jambo la afya, la mwanamke na mhudumu wake wa afya. Askari atoke kwenye chumba cha matibabu. Kosa linafutwa, huduma inabaki."

"Lakini si sheria ya sasa inazuia watu wasitoe mimba?"

"Haizuii. Inawafanya wajifiche tu. Mtazame Kidosho. Alishaamua. Angekuja kliniki, angeelezwa kila kitu na angekuwa salama. Lakini aliogopa. Akanunua vidonge vichochoroni kwa mtu asiyejua hata alichokuwa anauza. Akatokwa na damu nyingi. Akapata homa, na tumbo likamuuma vibaya. Hizo ni dalili za hatari. Mwanamke akiziona, akimbilie hospitali saa ile ile, hata kama mimba imetoka yenyewe. Yeye alijifungia ndani kwa woga mpaka akazimia. Alipofumbua macho hospitalini, akakuta askari kando ya kitanda."

"Yatosha," alisema Bibi. Akapandisha redio.

Mkunga akamsogelea msusi na kumwonyesha simu yake. Macho yake yalikuwa yanawaka kwa furaha.

"Halafu hatuko peke yetu. Wakunga na wanawake wa nchi nyingine wamesikia habari zetu. Baadhi ya nchi hizo zilishafuta sheria kama hii. Nyingine bado zinahangaika nayo. Wametuma sauti zao. Sikilizeni!"

Akabonyeza. Mwanamke akazungumza kwa lugha ambayo hawakuijua, lakini moyo wake waliuelewa. Akafuata mwingine, na lugha nyingine. Kisha kundi zima likaimba. Msusi aliona machozi yakimtoka, akayafuta kwa kanga ya mteja bila kujua.

Mzee Testi alikuwa amefumba macho. Si kwa ajili ya machozi, la. Alikuwa anasikiliza kama fundi.

"Sauti safi kabisa!" alisema. "Hakuna upepo! Hakuna mluzi! Hizi tutazipiga kwenye mkutano wa kampeni ya mswada Jumamosi, na spika zangu ni bure!"

Jumamosi ilipofika, alipanga spika zake kubwa kubwa uwanjani. Watu walijaa. Wenye kampeni walimwachia yeye kazi ya kupanga sauti, naye akafanya walivyofanya mafundi wa spika tangu spika zianze. Akaanza na sauti iliyo safi kuliko zote. Akapiga sauti ya mgeni wa kwanza, wa pili, wa tatu. Msusi alisoma tafsiri. Mzee Testi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Hakuona kwamba watu wameanza kutazamana.

"Samahani," muuza vitunguu mmoja alisema kwa nguvu. "Mbona wanaongea wageni tu? Jambo hili ni letu au ni lao?"

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi. Wanawake wa hapo waliopangiwa kuzungumza baadaye wakabaki na viti vitupu.

Kesho yake asubuhi mbunge wao alizungumza redioni. Alikuwa bado hajaamua apige kura gani, na wote walikuwa wakimtegemea.

"Kampeni hii imeletwa na wageni," alisema. "Mimi sijasikia mwanamke wa hapa kwetu, hata mmoja, akilalamika."

"Hajasikia!" msusi alifoka. Alikaza msuko mpaka mteja akalia, "Dada, kichwa changu!"

Mzee Testi aliketi juu ya spika yake, kichwa chini. Asubuhi hiyo hakusema testi.

"Nimemharibia shemeji yangu," alimwambia mkunga alipopita. "Nilitaka kumsaidia, nimemkaanga. Labda tuachane na hao wageni kabisa."

"Hapana, jirani. Hilo nalo litakuwa kosa la pili." Mkunga akaketi kando yake. "Hebu niambie. Kwenye wimbo, wote wanaanza pamoja?"

"Wapi! Anaanza kiongozi. Wengine wanaitikia."

"Basi wale wenzetu waliomba kuitikia. Wewe umewapa uongozi wa wimbo. Mshikamano si mgeni kuja kusema kwa niaba yako. Wewe unasema shida yako kwa mdomo wako. Yeye anasimama nyuma yako, ili wanaokudharau wajue kwamba huko peke yako. Siku ya kura, wenzetu hao watasimama mbele ya balozi zetu katika nchi zao. Wanangoja tuanze."

"Na nani ataanza?"

Mkunga akamtazama msusi dirishani. Mara nyumba ikawa kimya kabisa, na wote wakageuka. Redio ilikuwa imezimwa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu hajasafiri," alisema. "Nitaanza mimi. Lakini sauti yangu inakwaruza. Itakupigia mluzi, mwanangu."

Mzee Testi aliinuka kwenye spika.

"Acha ipige, Mama," alisema.

Siku ya kura mtaa haukufanya kazi. Muuza vitunguu alifunga meza yake akaja kuona. Uwanja mbele ya bunge ulifurika. Mzee Testi alikuwa anakimbia huku na huku, jasho linamtoka, furaha na hofu vimemchanganya. Simu kadhaa zilikuwa mezani kwake, kila moja imeunganishwa kwa waya na spika zake. Kwenye kila simu kulikuwa na kundi la wanawake mbele ya ubalozi fulani, mbali huko, wakisikiliza moja kwa moja.

Alimpa Bibi maikrofoni. Bibi aliishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni mama," alisema. Spika zikapiga mluzi mkali. Watu wakaziba masikio. Mzee Testi hakukunja uso. "Mimi ni mama wa hapa. Mbunge amesema hajasikia. Basi asikie. Binti yangu alitoa mimba. Ndiyo, alitoa! Nimeona aibu kusema, nikasema amesafiri. Alikaribia kufa. Alipopelekwa kutibiwa, akafungwa. Mimi nilimzaa, na leo siruhusiwi hata kumpelekea uji kitandani. Nani hapa ana binti?"

Mikono ikainuka uwanja mzima. Mkono wa muuza vitunguu nao ulikuwa juu.

"Mwanangu asibaki peke yake! Mpo?"

"Tupo!" uwanja ulinguruma.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Mzee Testi hakulitarajia. Sauti za mbali hazikuja pamoja. Zilichelewa safarini. Kutoka simu ya kwanza ikaja, "Tupo!" Baada ya kitambo kidogo, simu ya pili, "Tupo!" Halafu ya tatu. Halafu ya nne, hafifu kabisa, kama mtu anayeita kutoka upande wa pili wa dunia. Na kwa kweli alikuwa anaita kutoka upande wa pili wa dunia. Wageni wale walikuwa wamejifunza neno hilo moja tu la Kiswahili.

Uwanja ulinyamaza kusikiliza. Kisha ukalipuka! Watu walipiga vigelegele, wakakumbatiana na watu wasiowajua.

"Sauti zinachelewa," Mzee Testi alimnong'oneza mkewe, huku akilia waziwazi. "Naweza kuzirekebisha."

"Ukigusa waya hata mmoja," alisema msusi, "leo hulali kwangu."

Bibi akaita tena. Wakaitikia tena, hapa kwanza, kisha kule. Wabunge waliokuwa wakiingia walisimama ngazini. Mbunge wao alikuwa mmoja wao. Alisimama pale kwa muda mrefu, na kofia yake mkononi.

Jioni redio ilitangaza kwamba mswada umepita. Mbunge yule alihojiwa kwa nini alipiga kura ya ndiyo.

"Nilisema sijasikia," alijibu. "Leo nimesikia."

Mtaani watu walimbeba Bibi juu juu mpaka akatishia kuwachapa.

Sheria mpya ilipoanza kutumika, kesi zikafutwa. Kidosho alirudi nyumbani amekonda, na mwanzoni hakupenda kutoka nje. Bibi alimpelekea uji kitandani kila siku, hata alipokuwa hauhitaji tena. Mkunga alimpima na kumtibu kliniki, mlango ukiwa wazi kwa yeyote mwenye shida kama yake. Wanawake wakaanza kuja mapema, kuuliza, kupata ushauri, kutibiwa. Hakuna aliyejificha.

Asubuhi moja Mzee Testi alikuwa uani.

"Testi, testi! Moja, mbili!"

"Shemeji!" ilisikika sauti kutoka ndani. "Hivi hujafika tatu mpaka leo?"

Kikafuata kicheko mpaka barabarani. Msusi aliacha msuko katikati, akaja kumkumbatia mdogo wake.

Mkunga alitokea akikimbia, simu mkononi.

"Ni wale wenzetu wa simu ya nne!" alisema akihema. "Kura yao ni leo. Wako mbele ya bunge lao. Wanaomba tuitikie!"

Mzee Testi aliunganisha waya upesi kuliko siku zote. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika. Ilikuwa imejaa upepo. Ilikwaruza, ikapiga mluzi. Fundi alitabasamu tu, akamkabidhi Kidosho maikrofoni.

Kidosho aliitazama. Mwanamke yule wa mbali akaita kwa lugha yake, na wote wakajua anauliza nini.

"Tupo," alisema Kidosho.

"Kwa nguvu, mwanangu!" Bibi alisema nyuma yake. "Huko ni mbali!"

"TUPO!"

Mtaa mzima ukaitikia naye.