Tobo Lililozibwa kwa Nta

Asubuhi ile kaka yangu alikunywa chai, akachukua nyundo yake ya mbao, akaenda kazini. Alikuwa mkaguzi wa miti ya barabarani. Unagonga shina, unasikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Ulioliwa na kuvu ndani hulia bu, kama mtungi mtupu.

Siku hiyo usimamizi akapewa mwenzake, mama waliyempa jina la Sikio kwa kuwa hakuwahi kukosea. Kaka aliona gere hadi chakula kikamshinda. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika nyundo, leo aamrishwe naye!

Mbele ya ofisi palikuwa na mti ambao Sikio aliupanda mwenyewe, akiuita mwanangu. Mchana mmoja, wenzake wakila, kaka akatoboa shina kwa keekee, akapachika kipande cha mbao chenye uyoga, akaziba kwa nta.

"Kuvu haina haraka, dada," aliniambia akicheka. "Miaka mitatu tu, uanguke, wote wajue hasikii kitu."

Nilimkemea, lakini masikio ya mwenye wivu hayana kizibuo.

Wiki iliyofuata akaenda kuukagua. Gome lilikuwa laini. Hapakuwa na tobo wala nta.

Sikio akatokea nyuma yake. Akaugonga mti, ukajibu vizuri. Kisha, kwa utani wao wa siku zote, akamgonga kaka mgongoni.

Bu.

Sikio hakucheka. Akagonga tena, taratibu.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "umefanya nini? Niambie. Ukiwahiwa, unapona."

"Sijafanya kitu."

Jioni alivua shati mbele yangu. Chini ya bega palikuwa na duara la nta, upana wa kidole.

"Twende kwake," nilimsihi. "Umwombe radhi."

"Afurahi? Bora nioze."

Nilimshika mkono kumvuta. Ulikuwa mwepesi mno.

Hakumaliza mwezi. Daktari hakuona ugonjwa. Sikio alikuja msibani, akalia kuliko mimi, na hilo nalo, Mungu anisamehe, liliniuma.

Kiti alichozoea kukalia kaka ni cha plastiki. Kila asubuhi nakiosha kwa sabuni na kukianika juani. Kila asubuhi, pale alipoegemeza bega, uyoga umeota tena.