Blenda Haiogeshwi

Majirani walimwita Mama Usafi, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa mfanya usafi katika zahanati, na jioni aliendelea na kazi ileile nyumbani. Sufuria zake zilimeremeta ndani na nje. Hata mumewe, fundi cherehani, hakuingia sebuleni kabla ya kukung'utwa nyuzi mlangoni.

Alhamisi hiyo alikuwa jikoni, mikono imejaa povu. Jumamosi familia ilikuwa inahama. Walikuwa wamepata nyumba karibu na hospitali ambako mama mkwe wake alifanyishwa mazoezi ya viungo. Kiharusi kilikuwa kimempata mama huyo miaka miwili nyuma. Sasa aliongea neno mojamoja, na kutafuna hakuweza kabisa. Chakula chake kilisagwa laini kwenye blenda, mchana na jioni.

Hapo ndipo palipokuwa na hofu ya Mama Usafi. Mwaka jana walipohama, blenda ilikufa siku ileile. Alijaribu kuponda viazi kwa mwiko. Donge moja likampalia mama mkwe, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Baada ya hapo, kwa siku tatu, alifumba mdomo kila alipoona kijiko. Siku zile tatu zilikuwa hazijamtoka Mama Usafi moyoni.

"Safari hii blenda mpya itafika nzima," alimwambia mumewe. "Hata ikibidi niibebe mgongoni."

"Na mimi je, nani atanibeba?"

"Wewe una miguu."

Wakati huo ilisikika hodi mlangoni. Alikuwa Dada Waya, jirani yao aliyetengeneza vifaa vya umeme katika kibanda cha pembeni mwa barabara. Alikuwa amerudisha birika la umeme alilolitengeneza. Alipoingia jikoni, alimkuta Mama Usafi ameinua kitako cha blenda juu ya beseni la maji ya sabuni.

"Dada, subiri kwanza. Unataka kufanya nini?"

"Naiosha. Siwezi kupeleka uchafu kwenye nyumba mpya."

"Na kitako pia?"

"Kitako ndicho kichafu zaidi."

Dada Waya alimshika mkono. "Mwaka jana uliiosha hivihivi?"

"Niliiosha, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakaza fundo ili vumbi lisiingie. Halafu yule dereva wa lori na watu wake wakaiangusha. Nilipoiwasha ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Nilimsema dereva yule mpaka mtaa mzima ukatoka kutazama."

"Ilikuwa na ufa? Ilivunjika popote?"

Mama Usafi alifikiri. "Hapana."

"Basi haikuanguka. Ndani ya kitako kuna mota. Ukikizamisha, maji yanaingia. Ukifunga nailoni juu yake, maji hayana pa kutokea. Ukichomeka kwenye umeme, mota inaungua. Shukuru tu hukupigwa shoti."

Mama Usafi aliketi juu ya ndoo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Kwa hiyo niliiua mimi."

"Uliiua kwa sabuni," mumewe akasema mlangoni. Mkewe alimtupia jicho moja tu, naye akakumbuka kuwa ana sketi ya kupinda.

"Nifundishe," Mama Usafi akamwambia Dada Waya. "Mwaka huu sibahatishi."

"Anza kwa kuchomoa waya kwenye umeme. Chukua kitambaa, kiloweshe, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Ndicho cha kufutia kitako. Kisha futa kwa kitambaa kikavu. Jagi na visu, hivyo osha upendavyo. Lakini vikaushe, uviache wazi usiku kucha. Birika nalo limwage maji yote, uliache kifuniko wazi."

Mama Usafi alitikisa kichwa kukubali, kisha akasema, "Tosta haina shida. Ni safi."

Dada Waya alivuta kisahani kilicho chini ya tosta. Chembe za mkate zilimwagika mezani, nyeusi na nyekundu, za miezi mingi. Mama Usafi alizikusanya upesi kwa kiganja. Alikuwa hajui kama kile kisahani kinatoka.

"Wengi hawajui," Dada Waya akasema taratibu. "Chembe hizi huleta mende, na zinaweza kushika moto. Zimwage kabla ya kufunga."

Mumewe alirudi na vipande vya nguo kutoka kwenye cherehani, maana vya kufungia alikuwa navyo gunia zima. Alishika waya wa tosta, akaanza kuuzungusha kwenye tosta kwa nguvu, jinsi azungushavyo uzi.

"Shemeji, waya si uzi," Dada Waya akasema. "Ukikaza hivyo, nyaya za ndani zinakatika, na kwa nje huoni kitu. Ukunje kwa ulegevu, kisha ufunge kwa hicho kitambaa chako."

Walifanya kazi mpaka jioni. Kisahani cha kioo cha mikrowevu kilitolewa, kikafungwa peke yake kwa taulo. Kila kifaa kilipata boksi lake gumu. Walitandika nguo chini, wakajaza pembeni, wakafunika juu. Kisha Dada Waya alilitikisa kila boksi kidogo.

"Ukisikia kitu kinagonga, fungua uongeze nguo. Likinyamaza, limekubali. Halafu andika juu yake kilichomo, na upande upi ukae juu."

"Na blenda? Naitumia mpaka Ijumaa jioni."

"Ifunge ya mwisho. Jumamosi asubuhi mama anakula nini?"

"Uji laini."

"Uji hauhitaji blenda. Visu uvizungushie karatasi ngumu ya boksi, uandike KISU, usije ukajikata wakati wa kufungua. Boksi lake lisikae nyuma ya lori. Kaa nalo wewe mbele, na lifunguliwe la kwanza."

Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, Mama Usafi alibaki peke yake na kitako cha blenda. Karibu na kitufe palikuwa na doa la karoti. Alilifuta kwa kitambaa, halikutoka lote. Mkono wake ukaenda kwenye bomba, ukalifungua. Maji yalitiririka. Akakumbuka uso wa mama mkwe akikohoa, akafunga bomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliacha doa mahali pake, akaenda kulala.

Jumamosi lori lilifika mapema. Dereva alikuwa yuleyule wa mwaka jana.

"Mama, leo vyombo nibebe mwenyewe au niite mashahidi kwanza?"

"Nisamehe," Mama Usafi akasema, na watu wote pale wakamsikia. "Blenda ile niliiharibu mwenyewe. Nilikutukana bure."

"Nilishasahau," dereva akajibu, ingawa uso wake ulionyesha hakusahau hata neno moja. Lakini alimfungulia mlango wa mbele, akampokea boksi mpaka alipoketi.

Walifika nyumba mpya saa saba mchana. Mama mkwe alikuwa ametangulia kwa teksi pamoja na mwanawe.

"Iwashe haraka," mumewe akasema. "Mama ana njaa."

"Subiri."

Alifungua boksi, akapapasa kitako. Kikavu. Akakagua waya na plagi yake, akatafuta ufa kwenye jagi, akanusa. Akaweka blenda kwenye meza kavu, akatia maji safi kidogo, akaiwasha kwa sekunde chache. Ilinguruma vizuri. Moyo wake ukatulia. Alimwaga maji yale, akatia viazi, karoti na mchuzi vilivyokuwa vimepikwa asubuhi.

Mama mkwe alikitazama kijiko kwa muda mrefu. Mama Usafi hakumharakisha. Alikishikilia kijiko palepale. Mama akafungua mdomo. Akameza, bila kukohoa. Kijiko cha pili, cha tatu, mpaka bakuli likabaki tupu.

Kisha mama mkwe alianza kuchezesha midomo. Wote wawili waliinama kusikiliza.

"Ndimu," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Ndimu. Hujaweka."

Mumewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama Usafi naye alicheka, huku machozi yakimtoka, akayaacha yatiririke bila kuyafuta. Alivaa viatu, akachukua kikapu, akatoka kwenda kuulizia genge linalouza ndimu katika mtaa ule mpya.