Njia ya Kupitia Kumasi

Waya wa bluu ulibaki mmoja tu kibandani, na mikono miwili ikaurukia kwa pamoja. Ilikuwa Circle, Accra, saa ya watu kutoka kazini: wauza simu wanaita kwa sauti zilizokauka, spika zinagombana, ndizi zinakaangwa kwa tangawizi na pilipili.

"Dada, niachie. Nina ruta inanisubiri," alisema Selorm.

"Mimi zinanisubiri nne." Gauni la njano, nywele fupi, miwani imepandishwa kichwani. "Legeza mkono, chale, rafiki yangu, usije ukaukata tukose wote."

Akalipa, akaondoka hata bila kugeuka. Jumatatu Selorm akaripoti kazini, kampuni ya bima yenye ofisi Accra, Takoradi, Kumasi na Tamale, akalikuta lile gauni la njano kwenye kiti cha mkuu wake. Jina lake Ewurama, wa Cape Coast.

Alimfundisha kazi, naye Selorm akajifunza mengine pia. Kila alipobadili njia za data kwenye ruta ya mbali, Ewurama aliiamuru kwanza ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Akikosea na kujifungia nje, ruta ingeamka na mipangilio yake ya zamani. Akiona mambo yamekaa sawa, ndipo anafuta ile amri na kuhifadhi.

"Dakika kumi za woga," Selorm alimtania.

"Mimi mwoga nalala, wewe shujaa unasafiri."

Wakapendana. Siku Ewurama alipokubali kuposwa, alimpa Selorm ule waya wa bluu. "Chukua, mwizi wangu. Ila nikuombe usiwe na haja nao."

Waya ule ni wa kuchomeka kwenye ruta yenyewe, pale ambapo kwa mbali umeshindwa.

Ikapangwa Jumamosi. Wajomba wa Selorm wangefika Cape Coast na chupa zao za pombe ya jin kugonga mlango, yaani kumtamkia baba yake Ewurama nia ya kijana. Selorm alikuwa bado na kazi moja: kuhamishia ofisi ya Tamale kwenye laini mpya. Aliiahirisha wiki nzima. Asubuhi ile, kanzu ya kuvaa imeshapigwa pasi, gari la wajomba linapiga honi nje, akafungua kompyuta. Dakika kumi? Na honi ile? Akabandika amri zote kwa mkupuo, ya kuhifadhi ikiwamo.

Laini mpya ilikuwa haijawashwa. Tamale ikanyamaza.

Akawatanguliza wajomba, akampigia Ewurama akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

"Mpenzi, wachimba barabara wamekata waya Tamale. Lazima niende."

"Leo? Selorm, shangazi zangu wameamka alfajiri. Nimevaa nguo ambayo hata kupumua siwezi."

"Wajomba watanisemea. Nisamehe, malkia."

"Wamekata wapi?"

"Sijui. Karibu na ofisi."

Ewurama akashusha sauti. "Hakuna kitu unataka kuniambia? Niambie sasa, sitacheka."

Ukweli ulimfikia Selorm mpaka kwenye meno. Mkuu wake, mchumba wake, na upumbavu huu siku hii. "Hakuna," akasema, akazima simu kwa ajili ya ndege.

Meneja wa Tamale alikuwa harusini na funguo mfukoni; mpaka apatikane, jua limeshageuka. Selorm akaingia chumba cha mitambo jasho likimtiririka, akatoa waya wa bluu. Taa za ruta zilikuwa zinamcheka, kijani tupu. Kila kitu kinafanya kazi. Simu ya mezani ikalia.

"Umefika," alisema Ewurama. Alikuwa anapiga kwa kompyuta yake.

"Nani amerekebisha?"

"Mimi, chumbani kwa mama, na hii nguo. Accra ilikuwa haiioni Tamale, lakini Kumasi ilikuwa inaiona vizuri tu. Nikaingia Kumasi, nikavukia Tamale, nikairudishia njia. Kazi ya kumaliza chai. Hakuna waya uliokatwa, Selorm."

"Niliona aibu."

"Ungenipigia ukasema 'nimejifungia nje', ningekucheka mpaka wajomba wako wafike, na wewe ungekuwa nao."

"Wamefika?"

"Wamefika. Mjomba wako, mzee wa watu, akaeleza mbele ya baba habari za wachimba barabara. Kwa uchungu kabisa, mpaka shangazi zangu wakawalaani. Mimi nimekaa pale najua."

Laini ilikuwa safi mno. Selorm alisikia hata sahani zikikusanywa kule Cape Coast.

"Basi nitakuja kesho. Nitasema ukweli, nitapiga magoti. Ewurama, baba amezipokea chupa?"

"Baba aliniita, kama inavyofanywa. Akaniuliza mbele ya watu wote: huyu kijana unamfahamu? Tupokee?"

"Ukasema nini?"

"Nilitaka kusema ndiyo, nife na siri yako. Nikamtazama mjomba wako, uliyemtuma na uongo bila yeye kujua. Nikasema simfahamu. Wamebeba chupa zao, wako barabarani. Wapigie, mzee amelia."

Simu ikakatwa. Selorm akabaki na waya mkononi, hana pa kuuchomeka.